MAMA NA SAA: TUISHI NA WAKATI BILA KUKIMBIZANA NAO

Kama una kazi mkononi, kama unakuna nazi au unachambua mchicha, endelea nayo. Tutegee sikio tu.

Mada yetu ya leo ni wakati. Huenda ukajiuliza, wakati una uhusiano gani na afya? Kwa kawaida tunazungumza juu ya malaria, chanjo, lishe na maji safi. Lakini fikiri kidogo. Ukiwauliza akina mama kumi kwa nini hawakumaliza kliniki za ujauzito, au kwa nini mtoto alikosa kipimo cha dawa cha jioni, wengi watakujibu kwa neno moja: "Sikupata nafasi." Na ukimuuliza mama kwa nini kichwa kinamuuma kila siku, kwa nini hapati usingizi, kwa nini anamfokea mtoto kwa kosa dogo, jibu mara nyingi ni lilo hilo. Nafasi hakuna. Muda hautoshi.

Kwa hiyo leo tuzungumze jinsi ya kuishi na wakati kwa utulivu, ili mwili wako upumzike na watoto wako wawe salama.

SIKU YA MAMA WA PWANI

Tuseme wewe ni muuza mahamri na mbaazi mjini Malindi. Unaamka saa tisa za usiku. Unakanda unga, unawasha jiko, unatia mbaazi tui. Kufika saa kumi na mbili wateja wamefika, na watoto wanataka kujiandaa kwenda shule. Au tuseme wewe ni mama karanga. Unangoja mashua zirudi, unanunua samaki, unawakaanga, kisha unakaa barabarani mpaka waishe. Au unafanya kazi ya usafi hotelini Watamu, na zamu yako inabadilika kila juma. Au unaishi upande wa Ganze au Marafa, na mtungi wa maji peke yake unakula nusu ya asubuhi.

Baada ya hayo yote kuna kupika, kufua, kumwogesha mtoto, mgonjwa wa nyumbani, mkutano wa chama, mazishi ya jirani. Unalala saa nne au saa tano za usiku. Saa tisa unaamka tena. Hayo ni kama masaa manne au matano tu ya usingizi, na mtu mzima anahitaji yasiyopungua saba.

Mama mwenye siku kama hiyo si mvivu, na wala hatumwambii aongeze bidii. Bidii anayo. Tunalotaka kumwonyesha ni kwamba mwili wake una hesabu yake, na hesabu hiyo hulipwa.

HARAKA INAFANYA NINI MWILINI

Unapokuwa na haraka au hofu, mwili hutoa kemikali mbili, adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli ya shingo na mabega inakaza. Mungu ametuumba hivyo ili tuweze kumkimbia nyoka au kumvuta mtoto aondoke barabarani. Nyoka akishapita, mwili hutakiwa kutulia.

Shida ni pale ambapo kila saa ya siku inakuwa nyoka. Tangu alfajiri hadi usiku unakimbia, na mwili haupati nafasi ya kutulia. Ndipo yanapoanza maumivu ya kichwa na mgongo, tumbo kuvurugika, usingizi kupaa, na hasira za karibu. Mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu hupata taabu zaidi kulidhibiti.

Kwa mama anayenyonyesha kuna jambo jingine. Maziwa hushuka vizuri mama akiwa ametulia. Akiwa na wasiwasi au ana haraka ya kwenda, maziwa hukawia kushuka. Mtoto analia, mama anasema, "Maziwa yangu yameisha," na hapo anaanza kumpa uji mtoto wa miezi miwili. Mama, maziwa hayajaisha. Yanakungoja ukae. Kaa chini, egemea, kunywa maji, vuta pumzi taratibu, mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Mpe nafasi. Mtoto hahitaji kitu kingine ila maziwa ya mama mpaka atimize miezi sita, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na daktari.

SAA ZA AINA TATU

Wenzetu wavuvi wa Mayungu na Mnarani wana somo zuri. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Mvuvi hagombani na maji. Anajua saa ya kutoka, saa ya kurudi, na saa ya kukaa chini ya mwembe ashone nyavu. Wakati wa kusi kali hatoki, na hajioni kuwa amepoteza siku.

Nawe mama, zigawe saa zako hivyo. Kuna saa ya kuwahi, kuna saa ya kutulia, na kuna kazi inayoweza kungoja au kugawanywa. Tatizo kubwa la wengi wetu ni kwamba tumezichanganya. Tunakimbia pale panapotaka utulivu, na tunangoja pale panapotaka mbio. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Lakini wahenga hao hao walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni za kweli. Kazi yetu ni kujua ipi ni ya saa ipi.

SAA YA KUWAHI

Tuanze na saa ya kuwahi. Hapa, mama, acha sufuria, acha biashara, acha hata mazungumzo ya heshima na mgeni.

Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya akapimwe malaria siku ile ile, yasipite masaa 24. Usingoje kwanza uone kama itashuka kwa panadoli.

Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea kupita kawaida au asipoamka vizuri, hizo ni dalili za hatari. Vilevile akipumua kwa haraka au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi. Hapo hakuna kungoja kesho, hata kama ni usiku.

Mama mjamzito akitokwa na damu, akiumwa sana na kichwa, macho yakiona ukungu, uso na mikono ikivimba, akipata kifafa, homa au maumivu makali ya tumbo, chupa ikivunjika, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, aende hospitali mara moja. Na aliyejifungua akitokwa na damu nyingi, jueni kwamba damu hiyo inaweza kumwua mama aliyekuwa mzima kabisa katika masaa machache tu.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba akina mama wengi hufa kwa sababu ya ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda hospitali. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ucheleweshaji wa tatu uko mikononi mwa hospitali na serikali. Lakini wa kwanza, na sehemu ya ule wa pili, uko nyumbani kwetu.

Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, msafiri wa Mombasa na Malindi alikuwa akisubiri feri avuke. Leo gari linapita juu ya maji kwa dakika chache. Lakini kuna nyumba ambazo bado zina kivuko chao. Mama yuko chini anaumwa, na watu wanangoja. Wanangoja mume apigiwe simu Mombasa. Wanangoja mama mkwe arudi shambani. Wanangoja pesa za bodaboda. Kivuko hicho hakitavunjwa na serikali. Tutakivunja wenyewe, na kitavunjwa kabla ya siku ya taabu.

Vipi? Zungumzeni mapema, mimba ikiwa bado changa. Ni nani atakayeamua kama mwenye nyumba hayupo? Mpe mtu huyo ruhusa leo, mbele ya watu. Nauli itawekwa wapi? Ni dereva gani wa gari au tuktuk anayekubali kuitwa usiku, na nambari yake iko kwa nani? Nani atabaki na watoto? Nani anaweza kutoa damu? Na kama unaishi ng'ambo ambako masika hukata njia Mto Sabaki unapofurika, juma la mwisho kabla ya tarehe yako sogea kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Aliyejipanga hivyo hana haja ya kuishi na wasiwasi kila siku. Saa ikifika, anajua la kufanya.

SAA YA DAWA: TUSIKOSEE HESABU

Sasa kuna jambo dogo linaloleta makosa makubwa. Sisi Waswahili tunahesabu saa kuanzia alfajiri. Simu na kadi ya kliniki zinahesabu kwa Kizungu. Kadi ikiandikwa 8.00 asubuhi, hiyo ni saa mbili yetu. Ikiandikwa 2.00 mchana, hiyo ni saa nane yetu. Ongeza sita au toa sita, utapata.

Lakini kosa kubwa liko kwenye dawa. Daktari akisema, "Mpe kila baada ya saa nane," mama mwingine husikia, "Mpe saa nane ya mchana." Basi mtoto aliyetakiwa kupata dawa mara tatu kwa siku anapata mara moja. Ugonjwa haponi, na mama anasema dawa za siku hizi hazina nguvu. Ili tusikosee, leo tutasema masaa manane tukiwa na maana ya urefu wa muda, na saa nane tukiwa na maana ya mchana.

Dawa ya kila baada ya masaa manane unaweza kuipanga hivi: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, na saa nne usiku. Hayo ni masaa manane kila mara. Dawa ya mara mbili kwa siku ni kila baada ya masaa kumi na mawili: saa moja asubuhi na saa moja jioni.

Dawa ya malaria inayotolewa kwa wingi katika vituo vyetu, ile ya AL, ina mpango wake. Humezwa mara sita katika siku tatu. Kipimo cha kwanza ukishampa, cha pili mpe baada ya masaa manane. Kwa mfano, kama cha kwanza amekunywa saa nne asubuhi, cha pili ni saa kumi na mbili jioni ya siku hiyo hiyo. Siku ya pili mpe asubuhi na jioni. Siku ya tatu mpe asubuhi na jioni. Mpe pamoja na chakula, maziwa au kunyonya, maana dawa hii huingia mwilini vizuri pakiwa na mafuta kidogo. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, mrudilie kipimo hicho, kisha mwone mhudumu upate cha kujazia. Na hata homa ikishuka siku ya kwanza na mtoto akaanza kucheza, maliza dawa yote.

Usiondoke kwenye dirisha la dawa kabla hujamwambia mhudumu, "Nisikilize kama nimeelewa," ukamrudia saa zote kwa Kiswahili chetu. Foleni nyuma yako isikutie haya. Dakika moja hapo itakuokolea siku tatu za kurudi tena.

Na kuhusu tarehe za kliniki: chanjo za mtoto huanza anapozaliwa, kisha majuma sita, kumi na kumi na manne, halafu miezi tisa, na miezi kumi na minane. Hiyo ya miezi kumi na minane wengi huisahau, kwa sababu mtoto ameshatembea na mama anaona amekua. Ni chanjo ya pili ya surua, usiiache. Je, ukipitwa na tarehe? Usijifiche nyumbani kwa kuogopa kugombezwa. Nenda. Mtoto ataendelea pale alipofikia, hataanza upya.

SAA YA KUTULIA

Saa ya pili ni saa ya kutulia. Hapa haraka ni hasara.

Kumlisha mtoto ni saa ya kutulia. Mtoto wa miezi sita hadi minane hula mara mbili au tatu kwa siku pamoja na kunyonya, na kuanzia miezi tisa mara tatu au nne. Tumbo lake ni dogo na anajifunza kutafuna. Ukimlazimisha kwa kumbana pua ili amalize haraka, chakula kinaweza kumpalia, na ataanza kukiogopa kijiko. Kaa naye uso kwa uso. Mwonyeshe kijiko, ngoja afungue kinywa. Akigeuza uso, pumzika kidogo, mwimbie, jaribu tena. Dakika ishirini za utulivu zinaingiza chakula kingi kuliko dakika tano za vita.

Kuzungumza na mtoto ni saa ya kutulia, na haikudai muda wa ziada. Unapomwogesha mtaje mkono, mguu, sikio. Unapochambua mchele mpe kikombe apakue. Ubongo wa mtoto mdogo hukua kwa kujibiwa. Anapokuita nawe ukamjibu, hiyo ni lishe yake ya akili.

Jikoni pia ni mahali pa kutulia. Ajali nyingi za nyumbani hutokea mama akiwa na haraka: sufuria ya mafuta ukingoni, chai ya moto mkekani, ndoo ya maji wazi, mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda. Mtoto hajui kwamba leo umechelewa. Kabla ya kutoka jikoni simama uhesabu mpaka tano, uangalie vitu vinne: moto, maji, kisu, mafuta ya taa. Na kama kwa bahati mbaya mtoto amekunywa mafuta ya taa, usimtapishe. Mkimbize hospitali. Hapo umerudi kwenye saa ya kuwahi.

Kisha kuna utulivu wako wewe mwenyewe. Ukiona moyo unapiga mbio na ulimi unataka kutukana, fanya hivi. Simama. Shusha mabega. Vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu mpaka nne. Itoe polepole ukihesabu mpaka sita. Rudia mara tano. Haifiki hata dakika moja na nusu. Pumzi ndefu ya kutoa inauambia mwili kwamba nyoka ameondoka.

Tena, wakati wa mchana mtoto mdogo akilala, nawe lala. Vyombo vitakungoja. Mama anayeamka saa tisa za usiku kukanda unga ana haki ya usingizi wa mchana kama mlinzi wa zamu ya usiku. Hakuna anayemwita mlinzi mvivu.

Wazee wetu walilijua hili. Wamijikenda walikuwa na juma la siku nne, na siku iitwayo jumwa ilikuwa ya kupumzisha jembe. Jina hilo bado tunalo katika familia nyingi za Kilifi. Waislamu wana nyakati tano za swala zinazosimamisha kazi, na Wakristo wana Jumapili au Jumamosi yao. Saa hizo zimewekwa tayari. Usizijaze kazi. Ukishamaliza ibada, usinyanyuke mbio kama aliyeungua. Kaa dakika chache.

KAZI YA KUNGOJA NA KAZI YA KUGAWANA

Saa ya tatu ni ya kazi ambazo zinaweza kungoja, au zinaweza kufanywa na mtu mwingine.

Kila usiku kabla ya kulala jiulize maswali mawili. Kwanza, kesho ni jambo gani moja ambalo haliwezi kungoja? Huenda ni kliniki, huenda ni karo, huenda ni kumalizia dawa. Hilo lipe saa yake kwanza. Pili, ni jambo gani naweza kuliacha? Ukijua la kuacha, umepata nafuu, maana linalokuchosha zaidi si kazi unayoifanya bali ni zile kumi unazozibeba kichwani.

Kuna kazi za usiku zinazopunguza mbio za asubuhi. Loweka mbaazi, maharagwe au mahindi ya pure usiku. Yataiva upesi na kuni zitapungua. Weka sare za shule, kitabu cha kliniki na nauli mahali pamoja. Jaza maji ya kunywa yaliyotibiwa.

Halafu gawana kazi. Mwanao wa kiume wa miaka kumi anaweza kufagia, kuosha vyombo, kumwangalia mdogo wake ukiwa karibu. Usimwachie binti peke yake, naye ana masomo. Majirani watatu mkipokezana kwenda kuchota maji, au mmoja akabaki na watoto huku wengine wakienda kliniki, kila mmoja amepata asubuhi mbili.

Mwenye kuajiriwa ajue haki yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara, na baba majuma mawili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na kumpa mama mapumziko ya kufanya hivyo yasiyozidi jumla ya dakika sitini katika kila masaa manane ya kazi, mbali na muda wa chakula. Maziwa uliyokamua yafunike katika chombo safi, yaweke mahali pa baridi, na kama hakuna friji, kwa joto letu la pwani yasikae zaidi ya masaa manne. Mtoto apewe kwa kikombe safi, si kwa chupa.

Nawe baba unayesikiliza, neno dogo. Mkeo anaposema amechoka, hajakutukana. Chukua mtoto kwa nusu saa, chota ndoo mbili, mpeleke kliniki kwa baiskeli. Nawe mama mkwe, ulipojifungua zamani ulilindwa siku arubaini. Mlinde na huyu.

UCHOVU UNAPOKUWA UGONJWA

Mama, kuna uchovu unaoisha kwa usingizi, na kuna uchovu usioisha. Kama kwa zaidi ya majuma mawili una huzuni kila siku, hupati usingizi hata mtoto akilala, chakula hakipiti, hakuna kinachokufurahisha, unajiona huna maana, au huhisi lolote kwa mtoto wako, huo unaweza kuwa ugonjwa uitwao sonona. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba katika nchi zinazoendelea, kati ya wajawazito 100 karibu 16 hupata tatizo la akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua karibu 20 kati ya 100. Kwa hiyo hujarogwa, huna pepo, wala si mama mbaya. Ni ugonjwa, na una tiba. Mweleze mhudumu wa afya ya jamii au muuguzi wa kliniki waziwazi. Na likija wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usikae peke yako. Mwambie mtu aliye karibu akusindikize hospitali siku hiyo hiyo.

YA KUKUMBUKA

Tumalizie kwa kurudia machache.

1. Homa na dalili za hatari ni saa ya kuwahi. Uamuzi, nauli na msafiri vipangwe kabla.
2. Masaa manane si saa nane. Rudia maelezo ya dawa mbele ya mhudumu.
3. Kulisha, kunyonyesha na jiko ni saa ya kutulia.
4. Kila usiku chagua jambo moja la lazima na jambo moja la kuacha.
5. Usingizi wako ni sehemu ya malezi ya mtoto.

Mkiwa kikundini, jadilianeni haya: Katika nyumba zetu, nani hutoa ruhusa ya kwenda hospitali, na akikosekana inakuwaje? Ni kazi gani moja tunaweza kupokezana kuanzia juma hili?

Mama msikilizaji, siku ina masaa 24 kwa tajiri na kwa maskini, hatuwezi kukuongezea hata moja. Lakini kesho asubuhi, kabla hujashika jiko, unaweza kujua ni saa ipi ya kukimbia na ni saa ipi ya kukaa. Hiyo tayari ni nafuu. Sasa, kama nazi imekwisha kukunika, ipumzishe mbuzi ukutani, nawe ukae kidogo. Tukutane juma lijalo. Kwaherini.